Merino, sintetiki, sufu nene au pamba: soksi zipi za kupandia Kili na Meru kipindi hiki cha baridi

Sisi watu wa Moshi na Arusha tuna mambo yetu. Mlima tunauona kila asubuhi wingu likikubali, ila siku ya kuupanda ikikaribia mtu anahangaika wiki nzima na jaketi, anazunguka maduka ya kukodisha vifaa anajaribu buti, anabishana bei ya begi la kulalia, halafu soksi anazikumbuka usiku wa kuamkia safari na anatupia zile zile za kwendea kazini. Soksi hazikodishwi (na hata zikikodishwa mimi sivai), lazima ununue mwenyewe, na hapo ndo watu wanakwama, manake ukimuuliza aliyepanda anakwambia chukua merino (sufu laini ya kondoo), mwingine anakwambia merino ni kuliwa hela vaa tu soksi za mpira wa miguu, mwongozaji naye anakwambia vaa pea mbili yaishe. Wote wana ukweli wao kidogo. Inategemea unapanda wapi, miguu yako ikoje na mfukoni kuna nini.

Tunapima nini hasa

Watu wengi wanadhani mlima ni baridi tu. Hapana, siku nyingi za mlima ni jasho. Geti la njia ya Machame kwenye Kili liko kama mita 1,800, unaingia msituni, unyevu kibao, unapanda tu, mgongo umelowa na mguu ndani ya buti umechemka. Baridi yenyewe inakuja jioni kambini, na ile ya kukufanya ujute inakuja usiku wa samiti, yaani usiku wa kupanda kileleni. Piga hesabu ya haraka: kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai Moshi mjini ikiwa nyuzi 16, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, yaani karibu mita 5,000 juu ya mji, kwa hiyo toa nyuzi 30, umebaki na hasi 14, na hapo upepo hatujauweka. Soksi ileile inatakiwa ikuvushe kwenye jasho na kwenye hiyo hasi 14, na ndo maana kuchagua kunakuwa kugumu.

Vigezo vyangu ni hivi: soksi inafanyaje na jasho, inatunza joto kiasi gani, inazuia malengelenge au ndo inayaleta, inakauka lini ukiwa kambini na inanukaje, inadumu vipi ukishaanza kuifua, na mwisho bei na wapi utaipata. Kuzipima nimetumia njia ya kienyeji ila haidanganyi: mguu wa kulia merino, wa kushoto sintetiki, buti zilezile, njia ileile, jioni unavua unaangalia ngozi. Waliokuwa kwenye hema moja na mimi walicheka sana, lakini ukitaka kujua tofauti hakuna njia fupi kuliko hiyo, manake ukivaa moja leo na nyingine kesho hali ya hewa imeshabadilika, njia imeshabadilika na wewe mwenyewe umeshachoka.

Merino

Merino ni aina ya kondoo, asili yake Hispania, siku hizi Australia ndo wanaongoza kwa kuifuga kwa ajili ya sufu. Kondoo wetu hawa wa Kimasai wana manyoya mafupi tu, sufu ya kufumia hawatoi. Kinachoitofautisha merino ni wembamba wa uzi wake, unyuzi mmoja una kama maikroni 17 mpaka 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwenye soksi nzuri, wakati unywele wa mtu unaweza kufika 70 au zaidi. Unyuzi ukiwa mwembamba hivyo ukigusa ngozi unapinda, hauchomi, ndo maana merino haiwashi kama yale masweta ya sufu tuliyovalishwa utotoni.

Kwenye jasho hapa ndo penyewe. Sufu inaweza kunyonya mvuke wa jasho mpaka kama theluthi moja ya uzito wake na wewe bado hujisikii umelowa. Naironi inanyonya kama asilimia 4 hivi, poliesta haifiki hata 1. Kwa hiyo mguu wa kulia jioni ulikuwa mkavu-mkavu, wa kushoto una unyevu na ngozi imeanza kuwa nyeupe kwenye vidole. Joto nalo, unyuzi wa sufu umejikunja-kunja wenyewe, unashika hewa katikati, na hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto kiasi. Ila tusiifanye dawa ya mganga. Ukitumbukia kwenye kijito ikalowa chapachapa inakuwa nzito, ya baridi, na haikauki leo wala kesho ukiwa kwenye ukanda wa msitu.

Malengelenge merino inayazuia vizuri kwa sababu ngozi haijalegea kwa unyevu, lakini hapa soma lebo. Soksi ya sufu tupu inalegea, inatengeneza mikunjo chini ya kisigino, na mkunjo ndo lengelenge lenyewe. Soksi nzuri za mlima karibu zote zimechanganywa, unakuta merino asilimia 50 mpaka 75 hivi, inayobaki ni naironi na elastiki kidogo. Mtu akikwambia "hii ni merino asilimia 100 ndo kali zaidi" ujue kwa soksi ya kutembelea hajui anachosema. Naironi ndo inafanya kisigino kisitoboke.

Harufu sasa. Hapa hakuna ubishi kabisa, merino unaivaa siku nyingi mfululizo na mwenzako wa hema hakukwepi.

Kufua ndo mtihani. Maji ya moto na kusugua kwa nguvu vinaifanya isinyae na kuwa ngumu, nyingine zimewekewa dawa kiwandani zisisinyae lakini usijaribie bahati. Na jiki usiguse kabisa! Jiki inakula sufu, inaiyeyusha. Kwa hiyo kama nyumbani kuna dada anayefua, soksi hizo zitoe kwenye furushi uzifue mwenyewe, maji ya kawaida, sabuni ya kawaida, geuza ndani nje, kamua kwa kubonyeza usizisokote, anika kivulini. Halafu kuna wadudu wanaokula sufu kabatini, hifadhi kwenye kitu kinachofungwa.

Bei ndo inayotoa watu machozi. Mpya za kampuni kama Darn Tough au Smartwool kule Marekani pea moja ni kama dola 20 mpaka 30, huku ukiletewa ongeza na nauli. Habari njema ni mitumba, nitarudi huko chini.

Zinamfaa anayekaa mlimani siku tano, sita, saba, mwenye miguu inayopata baridi haraka, na asiyetaka kubeba pea nyingi.

Sintetiki

Hizi ni poliesta, naironi, au mchanganyiko wake. Kuna za mlima kabisa zenye mto (sehemu nene na laini) chini ya unyayo na kuna soksi za mpira ambazo ndo wengi wanazo. Zinadharauliwa bure.

Jasho hazinyonyi, zinalisogeza, linatambaa juu ya uzi kwenda nje. Ukiwa na kiatu chepesi kinachopumua linatoka, ukiwa na buti la ngozi au lile lisilopitisha maji linakosa pa kwenda, linabaki humohumo, na hapo mguu wa kushoto ndo ukawa hivyo nilivyosema. Joto ni la kawaida, ukisimama tu unasikia ubaridi unaingia, na usiku wa samiti unasimama sana kuliko unavyodhani, kuna foleni, kuna mwenzenu anatapika, kuna picha.

Zinakokuwa mbele ni kukauka na kudumu. Ukifua ukakamua ukaanika kambi ya Shira jua la saa nane likiwaka na upepo, soksi ya sintetiki inakauka wakati merino jirani yake bado inadondosha. Kwenye kamba ya nyumbani ni hivyohivyo, nimezianika pamoja zikiwa zimelowa sawa, sintetiki ilitangulia mbali. Jiki, maji moto, brashi, zote zinavumilia. Kisigino hakitoboki leo. Malengelenge siyo tatizo kama inakubana vizuri na hujailoweka, lakini zile za mpira hazina mto, na ukishuka kwa njia ya Mweka unyayo utaongea.

Kunuka, zinanuka. Jioni ya kwanza tu. Hapo hata anayezipenda hana utetezi.

Bei rafiki, zinapatikana kila mahali mpaka kwa machinga. Zinamfaa anayebeba mzigo na kutembea haraka, anayepanda kipindi cha mvua mvua, anayefua kila siku, mtu ambaye sufu inamuwasha hata iwe laini vipi, na anayepanda mara moja tu maishani na hataki kuweka hela nyingi kwenye soksi.

Sufu nene na ndugu yake akriliki

Nazungumzia zile soksi nono, za kufumwa, ukizivaa mguu unaongezeka namba. Kuna za sufu ya kawaida na kuna za akriliki zinazojifanya sufu, kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwa joto ukiwa umekaa hazina mpinzani, jioni kwenye kambi za juu, Karanga au Barafu, ukiingia kwenye begi la kulalia na hizi umepona. Jasho, sufu inanyonya kama merino, akriliki hapana. Kukauka, sahau. Kudumu zinadumu, sufu ya kawaida uzi wake ni mnene hautoboki kirahisi, ila inawasha. Bei iko katikati.

Sasa tatizo lake liko kwenye buti. Watu wanakodi buti linalowakaa sawasawa na soksi nyembamba, halafu usiku wa samiti wanavaa soksi nono, wengine mbili juu ya nyingine, wanafunga kamba wanakaza. Mguu umebanwa, damu haipiti, na mguu usiopitisha damu hata uuvishe blanketi utaganda tu. Hii ndo sababu unasikia mtu anasema "nilivaa pea tatu na bado vidole nilikuwa sivisikii". Siyo bado, ni kwa sababu hiyo. Kipimo chake ni rahisi: vaa soksi ya samiti, ingiza buti, funga kamba, simama, chezesha vidole vyote vitano. Visipocheza, punguza soksi au badilisha buti, na ukumbuke kuna kushuka, manake kutoka Uhuru unarudi Barafu na siku hiyohiyo unaendelea mpaka kambi ya Mweka kwenye kama mita 3,100, karibu mita 2,800 za kushuka, vidole vinagonga mbele njia nzima, kucha zinakuwa nyeusi. Ukienda kukodi buti nenda na soksi mkononi, usijaribu na hizi za kuvalia sendo.

Zinamfaa anayetaka pea ya kulalia, au mwenye buti lenye nafasi ya kutosha.

Pamba

Najua mnasubiri niitukane. Pamba inanyonya jasho vizuri tu, shida haliachii. Ikishalowa haitunzi joto tena, inanata kwenye ngozi, ngozi inalegea, unaanza kusuguliwa. Inakauka taratibu kwenye baridi. Kwa bei na upatikanaji haina mpinzani, inafulika kwa chochote, haiwashi, na mguuni ikiwa kavu ni tamu kuliko zote.

Kwa hiyo ina sehemu yake: kwenda maporomoko ya Materuni na kurudi kula ndizi, ndani ya gari, na kulalia vibanda vya Mandara, vile vya kwanza njia ya Marangu, kama umeitunza kavu. Juu ya hapo, kutembea nayo siku nzima kipindi hiki, ni kujitafutia.

Vipi kuhusu pea mbili kwa pamoja

Yule mwongozaji anayesema vaa mbili hajakosea, ila siyo mbili zozote. Inayofanya kazi ni nyembamba sana ya sintetiki inayobana ndani, nene ya sufu juu. Msuguano unatokea kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi, na ile ya ndani inasukuma jasho kwenda ya juu ambayo inalinyonya. Wenye miguu ya kupata malengelenge kirahisi wajaribu hii kwanza kabla hawajanunua kitu cha bei. Mbili nene ni ile habari ya damu. Na ile mbinu ya zamani ya kuvaa mfuko wa plastiki katikati achana nayo, rambo zilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 na kwenye geti begi linaweza kukaguliwa.

Kuipata merino kwenye mitumba

Soko la Memorial pale Moshi, au Kilombero na Mbauda kwa wa Arusha, soksi za mlima zinakuja zimechanganyika na za watoto na za ofisini, na mara nyingi muuzaji hajui alichonacho, kwake soksi nene ni soksi nene. Lebo ya karatasi haipo, maandishi chini ya unyayo yamefutika. Kwa hiyo nenda na kiberiti.

"Mangi, hii ni sufu?"

"Orijino bosi wangu, ya Ulaya kabisa hiyo."

"Niunguze uzi mmoja?"

"Mmoja tu, usinichomee mali."

Geuza soksi ndani nje, kwenye mshono wa vidoleni huwa kuna nyuzi zinaning'inia, vuta mmoja, uwashe. Sufu inaungua kwa kusitasita, ukiondoa moto inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua na jivu lake ukilibonyeza linasagika. Poliesta, naironi na akriliki zinayeyuka, zinaacha kidonge kigumu kisichosagika. Pamba inawaka mara moja, inanuka karatasi. Ukipata harufu ya nywele NA kidonge kidogo pamoja, tulia, usioneshe furaha usoni, huo ndo ule mchanganyiko wa sufu na naironi tuliokuwa tunausema. Kisha ingiza mkono ndani, tanua kisigino uelekeze juani. Ukiona mwanga unapita kwa wingi na nyuzi zimebaki kama wavu, sufu imeshaisha imebaki naironi tupu, iache. Angalia pia kama ile laini ya taulo chini ya unyayo bado imesimama au imeshalala ikawa ngumu. Na ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa huku ni ngumu-ngumu, mwenye nayo wa kwanza aliifua kwa maji moto, haitarudi.

Zikishafika nyumbani zifue, zivae na buti utembee nazo mjini kwanza. Kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako, ukiona kinapanda juu ya kifundo ni kubwa.

Sasa wewe ni yupi

Unapanda kwa njia ya Marangu, unalala kwenye vibanda, hela ya kawaida: sintetiki za mlima mbili au tatu za kutembelea, na pea moja ya merino au sufu usiiguse mpaka Kibo Hut, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Iweke ndani ya kifuko kisichopitisha maji siku ya kwanza na usishawishike ukiwa vibanda vya katikati vya Horombo hata ikinyesha.

Njia za Machame au Lemosho, siku nyingi kwenye hema: hapa merino inajilipa, pea mbili za kutembea kwa kupokezana na moja ya samiti. Ukishindwa zote tatu, nunua hiyo ya samiti tu. Zenye unyevu lala nazo ndani ya begi la kulalia kifuani, zikianikwa nje usiku asubuhi unazikuta zimekakamaa kwa barafu.

Meru: kule kuna jivu na changarawe, kuanzia Saddle Hut (kibanda cha mwisho kabla ya kilele) kwenda juu vumbi linaingia kwenye buti mpaka kwenye soksi na linasugua vibaya. Soksi yoyote utakayochukua iwe ndefu kupita shingo ya buti, vaa na gaita (kifuniko cha juu ya buti na mguu) kama unazo, na uwe na pea ya kubadilisha ukirudi Saddle. Kwa baridi ya mita 4,560 na kitu merino ya unene wa kati inatosha, nono kabisa siyo lazima.

Wewe ni mgumu, yaani mpagazi, unabeba mzigo, unapanda na kushuka msimu mzima: kilo 20 mgongoni ukikimbizana na kambi, merino ya dola 25 itatoboka kabla msimu haujaisha na inauma. Sintetiki zenye mto za kutembelea, fua kila ukipata jua, na sufu nene moja ya kulalia tu, isiingie kwenye buti. Ila kama unaenda mpaka kilele na wageni, tafuta merino moja Memorial kwa ajili ya usiku ule.

Miguu inatoka jasho sana hata mjini: nyembamba ya sintetiki ndani, merino juu, na badilisha mchana mkisimama kula, usisubiri kambi.

Miguu ya barafu hata nyumbani: merino nene, buti namba moja juu zaidi, na usiku ule usivae soksi ya samiti mapema ukiwa bado ndani ya begi la kulalia umechemka. Ivae dakika ya mwisho, mguu ukiwa mkavu.

Unaenda Mandara na kurudi siku hiyohiyo, na Maundi Crater kidogo: vaa ulizonazo, hata za mpira, beba pea moja kavu kwenye begi, hela iliyobaki nunua mvinyo wa ndizi Marangu Mtoni mkishuka.